Marhamu na Mkate

Mwaka mmoja baraza la wazee la usharika wetu lilikaa usiku hadi taa ya chemli ikaanza kufifia. Kwaya ilikuwa imeomba fedha za kununua kinanda. Wakati huohuo paa la nyumba ya mama mmoja mjane wa mtaa wetu lilikuwa linavuja, na masika yalikuwa mlangoni. Fedha zilizokuwepo zilitosha jambo moja tu. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole kwamba hajapata kuona mjane aliyelala pakavu kwa sababu ya kinanda. Hakuna aliyemjibu. Tukapiga kura, paa likashinda, nami nilikuwa miongoni mwa waliolichagua paa. Hata hivyo nilirudi nyumbani sina amani, maana mjane yule alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, na barua ya kuomba kinanda alikuwa ameiandika yeye.

Swali lililotusumbua usiku ule huziandama serikali kila mwaka wakati wa bajeti. Kwa nini fedha za umma ziende kwa waimbaji, wachongaji na waigizaji, wakati zahanati hazina dawa na watoto wanakaa chini darasani? Ni swali la haki, na Mkristo hana ruhusa ya kulipuuza. Lakini ni swali la zamani, na historia ina mengi ya kutufundisha kabla hatujalijibu.

Sisi tulilisikia kwanza nyumbani Bethania. Mariamu aliipaka miguu ya Bwana kwa marhamu ya thamani, na mtu mmoja akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kwa hiyo marhamu ile ilikaribia mshahara wa mwaka mzima. Hesabu ya muulizaji ilikuwa sahihi. Mwinjili Yohana anatuambia kwamba aliyeuliza ni Yuda, naye hakuwajali maskini, bali alikuwa akiiba katika mfuko. Tuwe waangalifu hapa. Mathayo anaandika kwamba hata wanafunzi wengine walinung'unika, na hao hawakuwa wezi. Tena Bwana alipojibu kwamba maskini wapo siku zote, aligusa maneno ya Torati, Kumbukumbu sura ya 15, ambayo mwisho wake ni amri ya kumfumbulia maskini mkono. Kwa hiyo jibu lake halimpi mtu yeyote kisingizio cha kuwasahau maskini. Linatukataza tu kuwatumia maskini kama fimbo ya kumpigia aliyetoa kwa upendo.

Turudi nyuma zaidi, jangwani. Waisraeli walikuwa watumwa juzi tu, hawana shamba wala nyumba. Mungu aliwapa mana kwanza, kila mtu kwa kadiri ya haja yake. Kisha, wakiwa bado wanalala hemani, akamwita Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani, akamjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya dhahabu, mbao, mawe na nyuzi. Mkate ulitangulia na ufundi ukafuata, lakini Mungu hakusubiri hadi watu wawe matajiri ndipo awape kitu kizuri. Walileta kwa hiari hata Musa akawazuia, kwa kuwa vilivyoletwa vilikuwa vimezidi. Wahenga walisema kweli: kutoa ni moyo, si utajiri.

Tusisahau pia kwamba katika jangwa lilelile dhahabu iliyovuliwa masikioni mwa watu ilifanywa ndama. Na karne kadhaa baadaye Sulemani alijenga hekalu kwa miaka 7 na nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13. Alitoza watu 30,000 wa shokoa, akawapeleka Lebanoni kwa zamu. Kazi ilikuwa nzuri ajabu, lakini alipokufa, neno la kwanza ambalo watu walimwambia mwanawe Rehoboamu lilihusu uzito wa kongwa lile. Rehoboamu hakusikia, na ufalme ukapasuka. Tangu hapo tunajua kwamba uzuri unaojengwa juu ya migongo ya watu hauwezi kuwashika pamoja.

Kanisa la kale nalo lilipimwa. Baada ya Warumi kushindwa vitani Adrianople mwaka 378, watu wengi walichukuliwa mateka. Ambrosi, askofu wa Milano, aliagiza vyombo vitakatifu vya kanisa viyeyushwe ili wakombolewe. Alishutumiwa sana, akajitetea kwa maandishi kwamba ni heri kuziokoa roho za watu kuliko kuitunza dhahabu. Hatusikii kwamba Ambrosi alikuwa adui wa uzuri. Askofu huyohuyo alitunga nyimbo za ibada, na Kanisa linamkumbuka kwazo hadi leo. Alijua kwamba ipo saa ambayo kikombe cha dhahabu lazima kiuzwe, lakini hakudhani kwamba saa hiyo ni kila saa.

Sasa tuje kwenye serikali za zama zetu. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Watu walipanga foleni za supu mijini, na wakulima walikuwa wakifukuzwa mashambani. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha mpango mkubwa wa ajira, na ndani yake ikaweka fungu la wachoraji, wanamuziki, waigizaji na waandishi. Wengi walikasirika. Harry Hopkins, msimamizi wa mpango huo, alijibu kwa ukali kwamba hao nao wanakula kama watu wengine. Bunge lilikuwa limetenga dola bilioni 4.88 kwa misaada na ajira, na sanaa ilipata kama dola milioni 27. Hiyo ni karibu nusu senti kwa kila dola. Sehemu kubwa ya fedha zilizobaki ilikwenda kwenye barabara, madaraja, shule na kazi nyingine za mikono.

Nusu senti ile ilizaa nini? Nitataja jambo moja tu. Kati ya mwaka 1936 na 1938 waandishi waliolipwa na serikali waliwatafuta wazee weusi waliozaliwa utumwani, wengi wao wakiwa wamepita miaka 80. Waliandika habari za zaidi ya watu 2,300. Kazi ile ilikuwa na kasoro zake, maana wengi wa waulizaji walikuwa wazungu, na mzee mweusi wa kusini hakuweza kumwambia mzungu kila kilichokuwa moyoni. Lakini wazee wale walisema mengi. Walisimulia jinsi wazazi wao walivyokatazwa kukutana kwa maombi, wakakutana usiku kwa siri, na jinsi walivyokifudikiza chungu mlangoni au chini ya miti wakiamini kwamba kitaimeza sauti ili bwana wao asisikie. Wazee hao walikuwa maskini, na wengi walikufa miaka michache baadaye. Kama serikali ingesema ingoje mpaka umaskini uishe, ushuhuda wao ungezikwa pamoja nao. Barabara iliyocheleweshwa inaweza kujengwa mwaka mwingine, lakini mzee akifa hawezi kuhojiwa tena.

Hata hivyo wanasiasa wengine hawakuridhika, na mwaka 1939 Bunge liliufuta mpango wa maigizo. Maskini wa Marekani hawakutajirika kwa hatua hiyo.

Kwetu Tanganyika mambo yalikuwa magumu zaidi. Taifa lilipata uhuru mwaka 1961 likiwa na maadui watatu ambao kila mtoto wa shule aliweza kuwataja: ujinga, umaskini na maradhi. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu, halina roho ya kulifanya taifa. Aliuliza ni wangapi kati ya waheshimiwa, waliojua dansi za Kizungu, waliozijua ngoma kama gombe sugu na lelemama. Swali hilo linatugusa Wakristo pia, kwa maana baadhi ya misheni zetu ndizo zilizowafundisha wazee wetu kuionea aibu ngoma. Mwacha mila ni mtumwa, na wako waliofanywa watumwa hivyo kwa jina la Injili, ingawa Injili yenyewe haikuagiza hivyo.

Je, Mwalimu alikosea kufikiria ngoma wakati watu wanakufa kwa malaria? Nadhani hakukosea. Mkoloni hakumnyang'anya Mwafrika ardhi na jasho tu. Alimwambia pia kwamba hana kitu chochote cha thamani cha kusema. Mtu aliyeamini hivyo hawezi kupigana na ujinga wala maradhi, kwa kuwa anangoja mwingine aje kumpigania. Mwalimu mwenyewe, katikati ya kazi za urais, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na katika uzee wake akaziandika Injili kwa tenzi.

Lakini haki itendeke, tuseme na upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilibanwa na bei ya mafuta, ukame na vita vya Kagera. Vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, vilivyokuwa vikilipwa na serikali, vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo ili kufundisha vijana. Sioni kwamba hilo lilikuwa dhambi. Njaa ilipobana, serikali ilipunguza maonyesho, ikabakiza mbegu. Ndivyo afanyavyo mkulima mwenye akili mwaka wa ukame.

Na jirani zetu wa Zaire walionja ubaya wa ndama wa dhahabu. Mobutu naye alisema anarudisha utamaduni wa Mwafrika. Vikundi vya kuimba na kucheza vilikusanywa kila mahali kwa gharama ya umma, lakini nyimbo zilimsifu yeye. Mwaka 1972 alikataza majina ya ubatizo ya Kikristo. Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyempinga, alilazimika kwenda uhamishoni kwa muda. Malula hakuupinga utamaduni. Yeye mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kutaka Wakongo wamwabudu Mungu kwa ngoma na sauti zao. Alichokataa ni sanaa iliyofanywa kumwabudu mtu, katika nchi ambayo watu wake walizidi kuwa maskini.

Yuko atakayesema kwamba sanaa njema haihitaji serikali hata kidogo. Atamtaja Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg, aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake. Hakulipwa na serikali yoyote, na leo wimbo wa taifa letu umetokana na utunzi wake. Ni kweli kabisa. Roho huvuma apendapo. Lakini Sontonga alikufa mwaka 1905 akiwa bado kijana, na kaburi lake likasahaulika kwa miongo mingi hadi lilipotafutwa na kutangazwa urithi wa taifa mwaka 1996. Mungu hutoa kipaji bure, ila kukitunza ni wajibu wetu, na serikali ni mkono mmoja wa kutunzia.

Kutokana na mambo haya, mimi naona serikali ya nchi maskini inaweza, na inapaswa, kutenga fungu kwa ajili ya sanaa. Mkristo anayelipa kodi naye anapaswa kulipima fungu hilo kwa maswali matatu. Je, mkate umetangulia, kama mana ilivyolitangulia hema? Je, fungu ni la kiasi, ili lisiwe kongwa la Sulemani? Na je, sauti inayosikika ni ya watu wenyewe, wakiwamo maskini, au ni ya kumsifu mkubwa? Fungu likifaulu katika maswali hayo, tusiseme kwamba maskini wameibiwa. Likishindwa hata katika moja, Mkristo aseme wazi, kama Malula alivyosema.

Namalizia na mjane wetu. Paa lilipokwisha kuezekwa alikuja mbele ya usharika kushukuru. Alisema kwamba sasa halali tena akikinga maji kwa sufuria, na akaomba tusidhani kwamba mtu mwenye shida ya paa hana haja nyingine. Sikukuu ya mavuno iliyofuata alileta jogoo wake mnadani, akataka fedha zake ziwekwe kando kwa ajili ya kinanda. Watu wakamnunua jogoo yule, wakamrudisha mezani, wakamnunua tena, mpaka nikapoteza hesabu. Kinanda kilipatikana mavuno ya pili. Yule mzee aliyesema mbele ya baraza usiku ule ndiye aliyekibeba kukiingiza kanisani.

Sijutii kura yangu. Paa lilistahili kutangulia. Ninachojutia ni kwamba tulikaa usiku kucha tukiamua mambo ya mjane, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza mwenyewe.