Uzalishaji Teule

Uzalishaji teule ni kazi ya kuchagua mimea au wanyama wenye sifa zinazotakiwa, kuwafanya wazazi, na kurudia uteuzi huo kizazi baada ya kizazi mpaka sifa hizo zitulie. Neno uzalishaji peke yake halitoshi: katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, "uzalishaji wa korosho" ni tani zilizofika ghalani. Uboreshaji wa mbegu nao hutaja lengo bila kutaja njia. Teule ndilo linalobeba dhana, na huitenga na uteuzi asilia, ambamo mazingira ndiyo huamua nani aendeleze uzao.

Mkulima huteua anapotenga karanga zilizojaa vizuri kwa ajili ya msimu ujao. Mtafiti huongeza hatua: huchavusha kwa mkono mmea unaokomaa mapema kwa chavua ya mmea unaostahimili ugonjwa, hupanda uzao wake, hung'oa usiofaa na kuendelea na uliobaki. Kwa kuwa karanga hujichavusha zenyewe, baada ya vizazi kadhaa uzao hufanana.

Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulivunjika mwaka 1951, lakini utafiti wa kilimo uliendelea, na baadaye makao yake yakawa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara. Huko zimetoka karanga za Pendo (1998), zinazokomaa mapema, na Mnanje (2009), pamoja na ufuta wa Lindi 2002.

Mkorosho una tabia tofauti. Maua yake huchavushwa na wadudu kutoka mti hadi mti, hivyo mbegu ya mti bora haihakikishi mche bora. Dawa yake ni kubebesha: kikonyo cha mti mama huungwa juu ya mche, na sifa za mama hubaki vilevile. Kubebesha hutunza kilichoteuliwa. Aina mpya hupatikana kwa kuchavusha wazazi tofauti.

Kwa mifugo, mfano wa Tanzania ni ng'ombe wa Mpwapwa, aliyepatikana kwa kuchanganya zebu wa kienyeji na damu ya Sahiwal, Red Sindhi na ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, ili astahimili ukame na kutoa maziwa zaidi.

Uzalishaji teule si uhandisi jeni: hauingizi jeni kwa mbinu za maabara, bali hutegemea tofauti zilizomo tayari katika wazazi. Uteuzi mkali hupunguza tofauti hizo, ndiyo maana mbegu za kienyeji huhifadhiwa hata pale mbegu bora zinapoenea.