Hukumu Ijulikanayo Kabla ya Kesi

Katika mji mdogo wa Monroeville, jimboni Alabama, kusini mwa Marekani, lipo jengo la matofali lenye kuba na saa, lililojengwa mwaka 1903 liwe mahakama ya wilaya. Kwa takriban miaka 60 watu walishtakiwa humo, wakaachiliwa au wakafungwa, na wengine wakahukumiwa kifo. Kisha shughuli za sheria zikahamia jengo jipya lililo jirani, na ukumbi wa zamani ukabaki na viti vyake, kizimba cha mashahidi, na roshani ya juu walikotengwa watu weusi zama za ubaguzi. Hatimaye jengo likawa makumbusho, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kesi zikarejea humo, safari hii kwa sura ya mchezo wa kuigiza.

Mchezo wenyewe umetokana na riwaya ya Harper Lee, *To Kill a Mockingbird*, iliyotoka mwaka 1960. Aliyeitohoa kuwa tamthilia ni Christopher Sergel. Mwandishi alizaliwa Monroeville mwaka 1926, na baba yake, A. C. Lee, alikuwa wakili papo hapo. Mafundi wa Hollywood walipotaka kutengeneza filamu ya mwaka 1962 waliupima ukumbi huu, wakajenga nakala yake studioni. Waigizaji wa Monroeville hawakuhitaji nakala. Ni wenyeji wa mji, wasiolipwa: wenye maduka, walimu, wahubiri. Sehemu ya kwanza huigizwa uani, chini ya miti. Kisha watazamaji huingia ndani kwa ajili ya kesi.

Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na tamthilia nyingine. Kabla ya kesi kuanza, wanaume 12 weupe huchaguliwa miongoni mwa watazamaji, wakaketishwa penye viti vya juri. Ndivyo ilivyokuwa Alabama ya miaka ya 1930: watu weusi walifungiwa mlango wa juri kwa hila, na wanawake wa rangi zote kwa sheria iliyodumu hadi mwaka 1966. Watazamaji hao humsikia wakili Atticus Finch akithibitisha kwamba Tom Robinson, mtu mweusi mwenye mkono uliolemaa, hakumbaka yule msichana wa Kizungu. Kisha hutoka, hurudi, na hutamka kwamba ana hatia. Hawana hiari. Mtu aliyekata tiketi ajiburudishe hujikuta ametia ulimi wake katika dhuluma, tena ndani ya chumba ambamo dhuluma ya namna hiyo ilipata kutendeka kwa dhati.

Maana ilitendeka. Mwaka 1934 Walter Lett, mtu mweusi, alihukumiwa kifo katika mahakama hii kwa tuhuma ya kumbaka mwanamke wa Kizungu. Baadhi ya raia walimwandikia gavana wakieleza shaka zao, naye akaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Walakini akili ya Lett ilikuwa imekwisha kuvurugika. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1937. Harper Lee alikuwa mtoto mdogo wakati wa kesi ile. Baba yake naye alikuwa na donda lake: mwaka 1919 aliwatetea watu weusi wawili, baba na mwana, walioshtakiwa kwa mauaji. Wote wawili walinyongwa, wala hakuchukua tena kesi ya jinai.

Ningeweza kukomea hapo, na mchezo ungebaki kuwa kumbukumbu njema ya mambo yaliyopita. Tatizo ni kalenda. Waigizaji walipoanza kuipanda roshani ile, mtu mmoja wa wilaya hiyo hiyo alikuwa katika gereza la wanaosubiri kunyongwa. Jina lake Walter McMillian, mtu mweusi mkata miti, aliyekamatwa mwaka 1987 kwa mauaji ya msichana wa Kizungu mjini Monroeville. Alipelekwa kwenye vyumba vya wahukumiwa wa kifo hata kabla ya kesi kusikilizwa. Mashahidi wengi, watu weusi, walisema kwamba saa ya mauaji alikuwa nao nyumbani kwake, wakikaanga na kuuza samaki. Kesi ilihamishiwa wilaya nyingine yenye watu weusi wachache, ikamalizika kwa siku moja na nusu. Wakili wake wa baadaye, Bryan Stevenson, alifanikiwa kumtoa mwaka 1993, baada ya shahidi mkuu kukiri kwamba alidanganya. Yaani kwa muda, Monroeville ilikuwa na Tom Robinson wawili, na aliyevuta wageni ni yule wa kubuni.

Jambo moja katika kesi ya McMillian haliingii kabisa ndani ya mchezo. Juri lilimtia hatiani, lakini lilipendekeza kifungo cha maisha. Ni hakimu aliyeutupa ushauri huo, akatoa hukumu ya kifo. Msomaji wa pwani yetu hatastaajabu sana, kwani chini ya Waingereza wazee wa baraza nao walitoa maoni yasiyomfunga jaji. Basi katika ukumbi wa Monroeville hakimu wa mchezo ni mzee mwenye huruma, na uovu wote wabebeshwa wale 12. Ilhali katika maisha, huruma kidogo iliyokuwepo ilitoka kwao, na upanga ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja aliyevaa joho. Lau ningekuwa mtunzi wa maonyesho hayo, ningewarudisha wale 12 ndani na neno la rehema, kisha nimwache hakimu alifute mbele yao.

McMillian alifariki mwaka 2013. Mwaka 2017 Alabama ilifuta uwezo wa hakimu kulipindua juri katika hukumu ya kifo, ikiwa jimbo la mwisho la Marekani kufanya hivyo. Sheria hiyo haikuwagusa wale waliokwisha kuhukumiwa.