Ikimina, Shule ya Kwanza ya Faranga Kigali

Mwanzoni mwa Januari 1995, miezi sita hivi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kukomeshwa, serikali mpya mjini Kigali ilitangaza kwamba noti kubwa za faranga zilizokuwa mikononi mwa watu zimefutwa. Serikali iliyotangulia ilikuwa imekimbilia Zaire pamoja na shehena ya noti za Benki Kuu, na njia ya haraka ya kuziua noti hizo ilikuwa kutoa nyingine. Muda wa kubadilisha ulikuwa mfupi mno. Aliyeficha akiba yake ndani ya godoro au chini ya sakafu alilazimika kuitoa hadharani. Aliyekuwa katika kambi ya wakimbizi huko Goma, Zaire, alibaki na makaratasi.

Pigo hilo liliuangukia mji ambao ulikuwa haujazoeana na pesa kwa muda mrefu. Kigali ilianzishwa mwaka 1907, pale Richard Kandt, daktari na mvumbuzi Mjerumani, alipokifanya kilima cha Nyarugenge makao ya utawala wa kikoloni. Pesa za sarafu zilipanda mlima pamoja naye. Wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka, wakanunua ngozi za ng'ombe na kuuza nguo na chumvi, na malipo yakaanza kufanywa kwa rupia na heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 zikaja faranga za Kongo. Mwaka 1960 zikafuata faranga za pamoja za Rwanda na Burundi, na mwaka 1964, Benki Kuu ya Rwanda ilipoanzishwa, nchi ikapata faranga yake. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa Kandt na kufikia umri wa miaka 88 aliona pesa ikibadilika sura mikononi mwake mara nne, na mara ya nne ikawa ile ya Januari 1995.

Kabla ya sarafu kuja, utajiri ulikuwa na miguu. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba, mahari, zawadi na heshima. Jembe la chuma lilitumika kulipia vitu na kuolea. Aliyempa jirani yake ng'ombe alikuwa ameweka akiba ndani ya uhusiano: siku ya shida angekuwa na mlango wa kubisha. Mali ilitunzwa kwa watu, mbele ya macho ya watu, na kila mmoja kijijini alijua nani anamwia nani.

Sarafu ilivunja utaratibu huo kwa mlango wa kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya kichwa mwaka 1914, na Wabelgiji wakaiendeleza kwa mkono mzito zaidi. Ili kupata pesa ya kodi hiyo, wanaume walivuka mpaka kwenda kufanya vibarua katika mashamba ya Uganda, na kuanzia miaka ya 1930 familia nyingi zililazimishwa kupanda kahawa. Kwa kaya ya kawaida, basi, pesa ilikuwa kitu kinachokuja kwa msimu, mara moja au mbili kwa mwaka, na kuondoka siku ileile kupitia kwa mtoza kodi. Hakukuwa na bajeti ya kupanga wala akiba ya kugawanya.

Waliojifunza mapema kuzungusha pesa walikuwa watu wa mjini, hasa wale wa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waislamu na Waswahili ambako msikiti wa kwanza nchini ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji waliwatenga wakazi wa mitaa hiyo na kuwabana wasitembee ovyo. Wengi hawakuwa na shamba wala ng'ombe. Waliishi kwa kushona, kuchuuza, kuendesha magari na kufanya kazi za mikono, yaani kwa pesa ya siku hadi siku. Anayekula kwa pesa ya siku hujifunza haraka kwamba kesho nayo ni siku.

Uhuru ulipofika mwaka 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000. Benki zikaja: Benki ya Biashara ya Rwanda mwaka 1963, Bank of Kigali mwaka 1966. Zilihudumia serikali, makampuni na waajiriwa wenye mshahara. Mama muuza ndizi hakuwa na la kufanya humo. Yeye na wenzake walikuwa na ikimina.

Mkazi wa Dar es Salaam angekiita upatu au mchezo, Mnairobi angekiita chama, Mkongo angesema likelemba. Utaratibu ni uleule. Chukulia watu 20 wa soko moja, kila mmoja akitoa faranga 2,000 kwa wiki. Kila wiki zinakusanywa faranga 40,000 na kupewa mmoja, na baada ya wiki 20 kila mtu ameshapata zamu yake. Anayepokea wiki ya kwanza amepata mkopo usio na riba. Anayepokea wiki ya 20 ameweka akiba isiyo na faida, na bei zikipanda katikati, yeye ndiye anayeumia. Kwa hiyo foleni yenyewe ni jambo la kujadiliwa: nani ana harusi, nani anadaiwa karo, nani ni mgeni ambaye bado hajaaminiwa na hivyo atasubiri mwisho.

Ndani ya mchezo huo mdogo mna karibu kila somo ambalo anayeanza kupanga pesa zake analihitaji. Mchango unatengwa kabla ya matumizi, kwa kuwa siku ya ikimina haisubiri. Kiasi kinachaguliwa kulingana na kipato halisi, kwa sababu anayejikweza ataumbuka wiki ya tatu. Fungu linakuwa na kazi kabla halijafika: bati, mtaji, ada ya shule. Daftari la katibu linaandika jina, tarehe na kiasi. Anayechelewa hutozwa faini, na faini inauma kidogo kuliko aibu.

Vikundi hivyo viliwafundisha hasa wanawake, na sababu yake ilikuwa ya kisheria pia. Hadi miaka ya 1990 mke hakuwa huru kufanya biashara au kushughulika na benki bila idhini ya mumewe. Mwaka 1987, miaka miwili baada ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Nairobi, wanawake wa Kigali walianzisha Duterimbere, taasisi ya kuwapa wanawake mikopo midogo na mafunzo ya biashara. Mmarekani Jacqueline Novogratz, aliyeshiriki kuijenga na baadaye akaanzisha mfuko wa Acumen, ameeleza katika kitabu chake The Blue Sweater kisa cha kikundi cha akina mama wasioolewa wa Nyamirambo waliokuwa wakitengeneza mandazi na kuyauza maofisini. Kwa muda mrefu mradi ulikuwa unakula hasara, na wafadhili ndio waliokuwa wakiziba pengo. Mambo yalianza kunyooka walipohesabu kila siku kilichotoka na kilichorudi, na malipo ya kila mmoja yakategemea alichouza. Mradi huo haukuhitaji mtaalamu wa uchumi. Ulihitaji daftari, na watu wanaolisoma pamoja.

Nje ya mji, wazo kama hilo lilikuwa limeshachukua sura ya benki. Mwaka 1975, huko Nkamba katika mkoa wa Kibungo wa wakati huo, ilifunguliwa Banque Populaire ya kwanza, ushirika wa akiba na mikopo ulioungwa mkono na Waswisi. Wanachama walikuwa wakulima wa eneo moja waliofahamiana. Wazo lilienea kilima hadi kilima, na mwaka 1986 benki hizo ndogo zikaunda umoja wao. Ilipofika 1994 ndizo zilizokuwa benki za mwananchi wa kawaida.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari. Ofisi ziliporwa, vitabu vikapotea, wanachama na wahasibu waliuawa au wakakimbia. Lakini hasara kubwa kuliko jengo na daftari ilikuwa ile isiyoandikwa katika hesabu yoyote: kikundi cha akiba kinasimama juu ya kumwamini jirani, na Rwanda ya 1994 ilikuwa nchi ambayo jirani alimuua jirani. Ndiyo maana kurudi kwa ibimina (wingi wa ikimina) katika miaka iliyofuata, ambapo wajane na wake za wafungwa walikuja kuketi kwenye kikundi kimoja na kuhesabu faranga mia mia, kunastahili kuhesabiwa miongoni mwa matendo makubwa ya ujenzi wa nchi hiyo. Sheria nayo ilisogea. Sheria ya mwaka 1999 kuhusu mali za wanandoa na urithi ilimpa binti haki ya kurithi na ikampa mke nafasi mpya katika mali ya nyumba.

Miaka hiyohiyo shirika la CARE lilileta Rwanda mtindo wa kikundi cha akiba uliokuwa umezaliwa mwaka 1991 huko Maradi, Niger, na ambao Zanzibar pia iliupokea kupitia vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Tofauti yake na ikimina cha zamani ni muhimu. Hapa fungu halichukuliwi na mmoja. Kila mwanachama ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano kwa kikao, pesa zinakaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Anayehitaji anakopa na kurudisha pamoja na nyongeza kidogo. Mfuko wa pembeni huhifadhiwa kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linafunguliwa mbele ya wote na kila mmoja anapata akiba yake na sehemu ya faida. Mwanachama wa mwisho hapotezi tena, na wa kwanza hapendelewi. Kila hesabu inatamkwa kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma akumbuke.

Njia nyingine ilijaribiwa, nayo ikaunguza vidole. Taasisi za mikopo midogo zilichipuka kwa wingi baada ya vita, nyingine zikakopesha ovyo, na mwaka 2006 Benki Kuu ikazifunga kadhaa kwa mpigo. Waweka akiba wadogo walikuta milango imefungwa. Watu waliokuwa wamehamisha pesa kutoka godoroni hadi benki walikuwa sasa na sababu ya kuzirudisha godoroni.

Jibu lilitoka katika mkutano mkuu wa taifa wa mashauriano, Umushyikirano, wa Desemba 2008: kila umurenge, ngazi ya utawala inayokaribiana na kata, uwe na SACCO yake, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Imirenge ni 416 nchi nzima, 35 kati yake ikiwa ndani ya Jiji la Kigali, na SACCO zikawa nyingi kiasi hichohicho. Mantiki yake ilikuwa ya ikimina kabisa. Mkopaji anakaa mtaa mmoja na mweka akiba, na mjumbe wa kamati anakutana naye sokoni.

Simu ilikuja karibu wakati huohuo. Mobile Money ya MTN ilianza nchini mwaka 2010, na Machi 2020, ugonjwa wa Uviko ulipofunga mji, Benki Kuu iliondoa kwa muda ada za kutuma pesa na za kulipa dukani kwa simu. Dereva wa taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyekuwa akirudi nyumbani na mfuko uliojaa chenji, akaanza kubaki na rekodi ya kila faranga iliyoingia. Tafiti za FinScope zinaonyesha mwendo wote: mwaka 2012 watu wazima 28 kati ya 100 hawakuwa na huduma yoyote ya fedha, rasmi au ya kikundi, na kufikia 2024 walikuwa wamebaki 4 kati ya 100.

Hata hivyo simu haina jirani. Tangu 2017 mtu anaweza kupata mkopo wa MoKash akiwa peke yake kitandani usiku, bila yeyote wa kumuuliza ataurudishaje, na Benki Kuu imelazimika kuonya mara kwa mara dhidi ya michezo ya piramidi inayojivika joho la ikimina: inatumia maneno ya kusaidiana, lakini wanachama hawajuani na hakuna daftari la kukagua. Kijana anayepata mshahara wake wa kwanza Kigali leo, katika jiji lililohesabiwa kuwa na watu 1,745,555 mwaka 2022, ana vyombo vingi kuliko babu yake na walimu wachache kuliko bibi yake.

Serikali imeliona pengo hilo. Mkakati wa taifa wa elimu ya fedha ulitolewa mwaka 2013, na mtaala mpya wa shule ulioanza kutumika 2016 uliifanya elimu ya fedha kuwa mojawapo ya mada zinazopita katika masomo yote. Ejo Heza, mpango wa akiba ya uzeeni uliozinduliwa Desemba 2018 hasa kwa ajili ya watu wasio na mwajiri, unapokea michango midogo kwa simu, na serikali iliwaongezea kiasi wenye kipato cha chini waliofikia lengo la mwaka. Nayo mipango ya sasa inataka SACCO za imirenge ziungane kuwa SACCO za wilaya, na juu yake benki ya ushirika.

Muungano huo utaleta mtaji na mitambo, mambo ambayo SACCO ndogo zilikosa. Lakini historia ya Kigali inadai kitu kimoja wakati wa kuupanga: kikao cha mtaa, ambapo mwanachama mpya anasikia hesabu ikisomwa na anaruhusiwa kuuliza, kiandikwe ndani ya kanuni za wilaya kama vile mtaji unavyoandikwa. Makatibu wa ibimina, wengi wao wanawake ambao wameshika madaftari kwa miaka mingi, wanaweza kuajiriwa kuendesha vikao hivyo. Kazi hiyo wanaifanya tayari bila mshahara, katika vibaraza vya Nyamirambo, Kimironko na Gikondo.