Gari jipya: Yanayojadilika na yasiyojadilika katika bei

BEI ni maelewano, husema wachuuzi. Ajabu ni kwamba mnunuzi yule yule anayebishania shilingi kumi za nyanya sokoni huingia katika duka la magari mapya, akasoma bei iliyobandikwa kiooni na kunyamaza kana kwamba ni amri ya mahakama. Kimya hicho huweza kumgharimu maelfu ya shilingi.

Kabla ya kufungua kinywa, yafaa mnunuzi ajue bei hiyo imeundwa na nini. Sehemu kubwa ya bei ya gari linaloingizwa nchini likiwa kamili ni kodi, nazo hupandana. Ushuru wa forodha, uliopandishwa hadi asilimia 35 mwaka wa 2023, hutozwa kwanza. Jumla inayopatikana hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao hutegemea ukubwa wa injini. Hatimaye hutozwa ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 16 juu ya yote hayo.

Chukua gari la injini isiyozidi 1500cc ambalo thamani yake bandarini ni Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 ni Sh270,000, nayo VAT ni Sh259,200. Gari limefika Sh1,879,200 kabla ya ada nyinginezo na kabla ya muuzaji kutia faida yake.

Anayetaka kupunguziwa kodi hizo anapigania kisicho cha muuzaji. Kinachojadilika ni faida, vifaa vya ziada, gharama za kuliandaa gari na huduma baada ya mauzo.

Silaha ya kwanza ni ankara za kulinganisha. Chapa kama Isuzu huuzwa na wauzaji kadhaa walioidhinishwa, hivyo mnunuzi anaweza kuomba bei ya modeli moja kwa zaidi ya mmoja. Pale ambapo chapa ina wakala mmoja tu, alinganishe na gari la chapa pinzani la kiwango hicho hicho. Aombe bei ya mwisho kwa maandishi, ikiwa pamoja na usajili na nambari, ili yasizuke malipo mapya siku ya kuchukua gari.

Ya pili ni mwaka wa kuundwa kwa gari, ambao huandikwa katika hati ya umiliki, almaarufu logibuku. Gari lililokaa dukani tangu mwaka uliotangulia halijatembea, lakini siku ya kuuzwa tena litahesabiwa umri kwa mwaka huo. Hiyo ni hoja halali ya kudai punguzo.

Muuzaji akikataa kata kata kushusha bei, ajadiliwe kwa upande mwingine: huduma za kwanza bila malipo, mazulia, king'ora au muda mrefu wa dhamana. Hata hivyo, mnunuzi asikubali kulipishwa kifaa asichokihitaji kwa sababu tu tayari kimefungwa garini.

Mwenye gari kuukuu la kubadilisha asilitaje mapema. Muuzaji aweza kupunguza bei ya jipya kwa mkono mmoja na kuifidia kwa mwingine kwa kulithamini kuukuu chini ya haki yake. Vivyo hivyo kuhusu mkopo. Anayeulizwa "utaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" na akajibu, ameacha kujadili bei na kuanza kujadili muda wa deni. Awamu ndogo ya miaka mitano yaweza kuzidi kwa jumla awamu kubwa ya miaka mitatu.

Mwishowe, amana ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, si mfukoni mwa karani wa mauzo, na risiti itaje iwapo itarejeshwa mpango ukivunjika. Na bei ikikataa kuelewana, mnunuzi aage kwa heshima na kuondoka. Mara nyingi ndipo simu hulia.