Darajani Bila Daraja

Mgeni anayeshuka Darajani hulitafuta daraja asilione. Ataona soko lililojengwa 1904, maduka, na barabara pana ya Benjamin Mkapa ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Majina ndiyo yaliyobaki kukumbuka maji: Darajani, Kisiwandui, Pwani Ndogo. Hapo ulipita mkono wa bahari ulioingia kwa upande wa Funguni ukateremka hadi Mnazi Mmoja, na siku za bamvua Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Ng'ambo ni ng'ambo ya maji hayo.

Nilikua nikiamini kwamba Pwani Ndogo ilifukiwa kwa sababu watu wa Ng'ambo walikuwa wachafu. Nililisikia nyumbani, tena kwa watu ambao wenyewe ni wa Ng'ambo.

Nilipoanza kusoma, nikashangaa. David Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 alichukizwa na harufu hata akaubandika mji jina la kejeli la uvundo. Lakini uvundo aliolalamikia ulitoka ufukweni, kwenye jaa la mji mzima, na mji huo ndio wa majumba ya mawe, makonseli na matajiri. Richard Burton, aliyefika miaka tisa kabla yake, naye aliandika habari za uchafu wa pwani hiyo hiyo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kikaua maelfu. James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi hapa, alichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, akaleta maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Taka lakini ziliendelea kungoja maji kupwa zichukuliwe.

Waingereza walipokuja na mipango yao (wa Lanchester ulichapishwa 1923) Pwani Ndogo ilikuwa imeshahukumiwa. Waliifukia kwa vipande, upande wa kusini ukitangulia, na kazi ikakamilika 1957. Ukisoma habari hizo utakutana na madaktari, wahandisi na makadirio ya fedha. Utamtafuta sana mtu wa Kikwajuni au Mchangani aliyeulizwa: taka zenu mngependa zipelekwe wapi? Na si kwamba watu hao hawakujua kujipanga. Mwaka 1928 hao hao wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, mpaka serikali ikashtuka.

Mwaka jana, kabla ya masika, nilishika pauro pamoja na majirani tukazibua mtaro wa mtaa wetu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006. Tuliitoa kwa kilo, pamoja na chupa, nepi na kiatu kimoja cha shule. Tulirundika kando, tukapiga picha, tukanywa chai. Gari la kuzoa halikuja. Mvua ya tatu ikaurudisha mzigo wote mtaroni.

Bibi mmoja jirani, ambaye mimi humwita Bi Mkubwa, alikuwa akitutazama barazani kwake tangu asubuhi.

"Mwanangu," akaniambia, "mlituita kufagia. Siku ya kupanga gari mbona hamkutuita?"

Sikuwa na jibu. Sasa wanawake wa baraza ile wameshika daftari: nani analipia gari la ng'ombe wiki hii, zamu ya nani kulisubiri. Kuna wiki mbili gari halikutokea, na mara moja mwenye duka alikataa kutoa mchango wake, wakagombana naye hadharani mpaka akatoa. Mtaro haung'ari. Ila masika haya maji yalipita.

Mnazi Mmoja, kwenye ile ardhi ya kwanza kufukiwa, bamvua likizidi maji ya chumvi bado hutokeza uwanjani. Nimeshawahi kuona watoto wakiusaka mpira humo, suruali zimekunjwa hadi magotini.