Kuondolewa kwa Maoni ya Wateja Mtandaoni, Unguja

Kuondolewa kwa maoni ya wateja ni kitendo cha jukwaa la mtandaoni kuficha au kufuta nyota na maelezo ambayo mteja ameandika kuhusu biashara. Kisiwani Unguja jambo hili linawagusa zaidi wenye hoteli na nyumba za wageni za Mji Mkongwe, mikahawa ya pwani, kampuni za kutembeza watalii na wenye boti, kwa kuwa wageni wao wengi huchagua pa kulala na pa kula kabla hawajapanda ndege. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Majukwaa yanayotumika sana ni Ramani za Google, Tripadvisor iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, Booking.com iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, na Airbnb ya mwaka 2008. Yote yana makao nje ya Afrika Mashariki, na kila moja huamua kwa kanuni zake.

Wengi hudhani kwamba jukwaa hupima ukweli. Halipimi. Google inasema wazi kuwa haiingilii ubishi kati ya mteja na mwenye biashara kuhusu kilichotokea. Inachotazama ni kama maandishi yamevunja kanuni. Ndiyo maana uongo ulioandikwa kwa adabu unaweza kukaa miaka, na ukweli ukaondoka kwa sababu ya namna ulivyoandikwa au mahali ulipotumwa kutoka.

Sifa zinazopotea

Manung'uniko ya wenye nyumba za wageni hayahusu lawama tu, yanahusu sifa pia: mgeni ameandika, amewaonyesha kwenye simu yake, na baada ya siku mbili hakuna kitu. Chanzo mara nyingi kimo humo humo ndani ya nyumba. Chukua nyumba ya vyumba vinane Kiponda. Mgeni anawahi boti ya Dar es Salaam, mabegi yako kwenye mkokoteni mlangoni kwa sababu gari haliingii kichochoroni, na kijana wa mapokezi anamkabidhi tableti ya hoteli ili aache nyota tano kabla hajaondoka. Mgeni anaandika mistari miwili. Wa chumba cha pili naye anafanya vivyo hivyo, na wa tatu. Kwa mfumo wa kompyuta unaokagua, hayo ni maandishi yanayofanana, yametoka kwenye kifaa kimoja na intaneti moja, ndani ya saa moja, yote ya nyota tano. Maoni bandia huonekana hivyo hivyo, na mfumo hauna macho ya kumwona mgeni halisi aliyesimama na begi lake.

Kosa la pili ni takrima. Juisi ya bure, au punguzo la safari ya mashamba ya viungo Kizimbani, ikitolewa kwa sharti la nyota, huyageuza maoni kuwa kitu kilichonunuliwa, na Google na Tripadvisor zote zinakataza. La tatu ni undugu. Ujumbe unatumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kufikia jioni binamu walioko Maskati, Dubai na London wameusifu mkahawa wa Shangani ambao hawajawahi kuukanyaga. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini jina la kitendo hicho kwenye kanuni ni mgongano wa maslahi. Wafanyakazi wanaosifia mahali pao pa kazi wamo kwenye kosa hilo hilo, sawa na mshindani anayeandika ubaya wa jirani yake.

Ukubwa wa usafishaji huu si mdogo. Google ilitangaza kwamba mwaka 2023 ilizuia au kuondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyovunja kanuni, na mwaka 2024 zaidi ya milioni 240. Tripadvisor ilisema kuwa kati ya maoni zaidi ya milioni 30 iliyoletewa mwaka 2022, takriban milioni 1.3 yalikuwa ya kughushi. Kwa wingi huo mashine ndiyo inayoamua kwanza, na mashine hukosea. Biashara ikibainika kununua sifa, adhabu haiishii kwenye kufutwa: ukurasa unaweza kufungiwa usipokee maoni mapya kwa muda, au kuwekewa onyo ambalo kila mgeni ataliona.

Kuna pia kupungua kusiko na kosa lolote. Booking.com huyatoa kwenye hesabu maoni yaliyozidi miezi 36, na Tripadvisor haipokei habari za safari iliyopita kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwandishi mwenyewe anaweza kufuta alichoandika, au kufunga akaunti yake na kila kitu kikaondoka naye. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, Google ilisimamisha kwa muda uchapishaji wa maoni mapya duniani kote.

Lawama zinazoweza kuondolewa

Mwenye biashara ana hoja pale maandishi yanapokuwa na matusi, vitisho, ubaguzi wa dini au rangi, namba ya simu au habari binafsi za mfanyakazi, au yanapohusu jambo lisilo lake. Mfano mzuri ni bima ya lazima ya dola 44 ambayo Zanzibar ilianza kuwatoza wageni tarehe 1 Oktoba 2024 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Mgeni aliyekasirishwa na malipo hayo uwanja wa ndege, kisha akaipa hoteli ya Matemwe nyota moja kwa hasira hiyo, ameandika nje ya mada, na hoteli inaweza kuomba maandishi hayo yatolewe.

Kukosea ukurasa nako kumezidi Unguja, hasa kwa kampuni za utalii, maana majina yao mengi yamejengwa kwa maneno yale yale matatu au manne. Mtalii anachukuliwa na papasi, yaani dalali wa mitaani, pale Forodhani, anapelekwa Changuu kuona kobe kwa bei aliyoambiwa ni ya kwenda na kurudi, anadaiwa nyingine wakati wa kurudi, na usiku anatafuta jina alilolisikia nusu nusu. Anayelipwa nyota moja ni kampuni yenye leseni ambayo haikumwona kabisa. Hapa rejesta ya wateja ina thamani kubwa: tarehe hiyo hakuna jina hilo, hakuna risiti, hakuna boti iliyotoka. Ushahidi huo haulazimishi jukwaa kufuta, lakini ndio unaoyapa maombi uzito.

Halafu kuna mgeni anayetishia. Akisema apewe usiku wa bure la sivyo ataandika vibaya, Tripadvisor ina njia ya kuripoti tishio hilo kabla maoni hayajatokea, na anayeripoti mapema husikilizwa kuliko anayelalamika baadaye. Ujumbe wenye tishio usifutwe kwenye simu. Airbnb imeupunguza mchezo huo kwa utaratibu wake: mgeni na mwenyeji wana siku 14 za kuandikana, na hakuna anayesoma ya mwenzake mpaka wote wawili wameandika au muda umekwisha.

Yasiyoondoka

Lawama nyingi za Unguja haziondoki, na hazistahili kuondoka. Mgeni akiandika kwamba aliamshwa na adhana ya alfajiri huko Malindi, hilo ni jambo lililompata, na litabaki. Akiutukana Uislamu katika sentensi hiyo hiyo, maandishi yote yanaweza kuanguka. Mwenye nyumba anayekimbilia kuripoti la kwanza anapoteza wakati wake. Jibu linamfaa zaidi, na linaweza kuwa fupi kama hili: «Pole kwa kukatishwa usingizi. Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwetu, na adhana husikika vyumba vya mbele. Sasa tunalieleza hilo kabla mgeni hajalipa, na vyumba vya uani vina utulivu zaidi. Karibu tena.» Anayesoma jibu hilo kwa kweli si yule aliyelalamika. Ni mtu aliyeko Milan au Nairobi anayetaka kujua kama meneja ana akili timamu.

Pwani ya mashariki ina lawama yake, nayo ni ya ajabu kidogo: bahari haikuwepo. Paje, Jambiani na Michamvi, maji yakipwa wakati wa bamvua hurudi mbali sana, na aliyelipia chumba kinachotazama bahari anajikuta anatazama mchanga na mashamba ya mwani. Hakuna kanuni itakayofuta maoni hayo, kwa sababu mgeni hakudanganya. Hoteli zinazoweka jedwali la kujaa na kupwa kwenye ukurasa wao na kumtumia mgeni saa za kuogelea kabla hajafika zimelimaliza tatizo bila kumwomba mtu afute neno. Vile vile Ramadhani: mgeni aliyeambiwa mapema kwamba mikahawa mingi hufungwa mchana, na kwamba usiku Forodhani huchangamka, hana sababu ya kuandika kwa uchungu.

Kufuta lawama ya kweli kuna hatari kubwa kuliko kuiacha. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba Tripadvisor ilikuwa imeondoa maelezo ya watalii walioeleza kubakwa na kushambuliwa kwenye hoteli za Mexico, kwa hoja kwamba maneno yao hayakufaa kusomwa na familia. Kampuni iliomba radhi na kubadilisha kanuni. Mwaka huo huo huko London mwandishi Oobah Butler aligeuza kibanda cha bustanini kuwa mkahawa ulioshika nafasi ya kwanza jijini kwenye jukwaa hilo hilo, kwa maoni ya kutunga, bila kupika chakula hata kimoja. Visa hivyo viwili vinaeleza kwa nini majukwaa sasa huyashuku maombi ya kufuta na vilevile sifa zinazomiminika.

Nyumba ikibadili mkono

Mji Mkongwe una nyumba nyingi za Wakfu na za Serikali zinazoendeshwa kwa kukodishwa, kwa hiyo mwendeshaji hubadilika na jengo likabaki. Mpangaji mpya anapaka rangi, anaweka kibao kipya, kisha anagundua kwamba amerithi nyota mbili na nusu za aliyemtangulia. Tripadvisor hupokea maombi ya kuyaweka kando maoni ya zamani ikiwa umiliki umebadilika au jengo limefanyiwa ukarabati mkubwa, mradi kuna hati za kuthibitisha. Kupaka rangi na kubadili jina peke yake hakutoshi. Njia ya mkato ya kufungua ukurasa wa pili kwa jengo lile lile huishia kwa kurasa mbili kuunganishwa, na lawama zote zikarudi mahali pamoja.

Hatua na sheria

Kwanza mwenye biashara athibitishe kwamba ukurasa ni wake, kwa kuwa bila hivyo hawezi kujibu wala kukata rufaa. Apige picha ya skrini kabla ya kuripoti. Aripoti mara moja, akitaja kanuni iliyovunjwa, na kuwaambia wafanyakazi kumi na wawili waripoti pia hakusaidii. Google ikikataa, kuna rufaa moja tu, kwa hiyo iandikwe kwa utulivu. Wakati anasubiri, ajibu hadharani. Jibu nalo linakaguliwa: likitaja namba ya pasi ya mgeni, aliyelala naye chumbani au deni lake la baa, linaweza kuondolewa kabla ya lawama yenyewe.

Sheria zipo, lakini mkono wake ni mfupi hapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar, inaadhibu kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kudanganya au kuchafua jina. Zanzibar ina sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na tume ya kuisimamia, ambayo inamhusu zaidi mfanyabiashara anayewapotosha wateja. Anayenunua sifa za uongo ajitazame humo. Kwingineko mambo yamekazwa zaidi: mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu muuzaji wa maoni bandia ya Tripadvisor kifungo cha miezi tisa, na Marekani ilianza kutumia kanuni mahsusi dhidi ya maoni bandia Oktoba 2024. Kumtishia mtalii wa Jambiani kwa kesi kwa sababu alisema samaki alipoa ni upuuzi, na tishio lenyewe huwa maoni mapya.

Hakuna jukwaa kati ya manne yaliyotajwa mwanzoni linalouza huduma ya kufuta maoni, na hakuna wakala aliyepewa ruhusa hiyo Dar es Salaam, Nairobi wala kwingine. Anayetuma ujumbe akiahidi kuondoa nyota moja kwa malipo ya kutangulia, asilipwe.