Handaki la kwako mwenyewe: kupitisha intaneti ya Lanet kwenye seva uliyokodi

Hapa Lanet, upande wa mashariki wa jiji la Nakuru, tuko mbali na bahari, lakini intaneti yetu haijaisahau Pwani. Ukifungua ukurasa uliohifadhiwa ng'ambo, data yako kwa kawaida husafiri kwa nyaya za ardhini hadi Nairobi, huteremka Mombasa, kisha huingia majini kwa mojawapo ya nyaya zinazotua huko: SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, EASSy ya 2010, LION2 ya 2012 na nyingine zilizofuata. Njiani hupita mikononi mwa wengi. Yupo mwenye ruta ya Wi-Fi uliyojiunga nayo, ipo kampuni inayokuuzia bando, zipo na kampuni nyingine zinazopokezana mzigo. Makala haya ni ya anayetaka kupunguza macho hayo kwa kujenga VPN yake mwenyewe.

Kwanza tuseme ukweli, maana matangazo ya VPN yametia watu hofu isiyo na kichwa wala miguu. Tovuti nyingi siku hizi hutumia https, na hiyo peke yake inaficha nywila yako na maandishi yako. Mwenye Wi-Fi ya hoteli hawezi kusoma barua pepe yako. Anachoweza kuona ni jina la tovuti unayoitembelea, saa uliyoingia na kiasi cha data. Hicho si kidogo. Anayejua kwamba kila usiku unafungua tovuti ya ugonjwa fulani au ya wakili wa talaka hahitaji kusoma ndani. Handaki linamfungia dirisha hilo: atakachoona ni kwamba unazungumza na seva moja tu, basi.

Lakini macho hayatoweki, yanahama. Yule aliyekuwa akiona majina ya tovuti alikuwa kampuni ya simu, na sasa ni mwenye seva. Ndiyo maana mimi sina imani na programu za VPN za bure. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya Onavo Protect ikatolewa kwa watu kama kinga, huku ikimpelekea mwenyewe taarifa za programu gani watu wanatumia kwenye simu zao. Apple iliilazimisha iondoke kwenye duka lake Agosti 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa kabisa. Cha bure kina mwenyewe anayekilipia kwa njia nyingine.

Kazi ya pili ya handaki, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuunganisha mahali pawili. Mimi huandika hesabu za duka la mamangu mdogo huko Mombasa nikiwa hapa Lanet. Kompyuta yenye daftari la bidhaa iko dukani. Wengi hufungua mlango wa kompyuta ya namna hiyo moja kwa moja kwenye intaneti ili waifikie kutoka mbali, na hapo wezi wa mitandaoni huanza kujaribu nywila usiku kucha, kwa mashine zisizolala. Kwa handaki, duka na nyumba yangu vinakuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja, na barabarani hakuna mlango unaoonekana.

Programu za kazi hii ni nyingi. Ya zamani ni SSH, iliyoandikwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Ukiwa na seva yoyote ya Linux, amri moja ya `ssh -D 1080 -N jina@anwani` inatosha kupitisha kivinjari chako, mradi ukiambie kitumie SOCKS5 kwenye mlango 1080 wa kompyuta yako, pamoja na kutafuta majina ya tovuti kupitia humo. Ni ya haraka, ila haichukui simu nzima. OpenVPN ipo tangu 2001, imara lakini ina maneno mengi. Ninayoipendekeza ni WireGuard ya Jason Donenfeld, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6, Machi 2020. Ni ndogo, ni nyepesi kwa betri ya simu, na haikuulizi uchague namna ya usimbaji: imekuchagulia.

Seva unakodi. Ndogo kabisa yenye Debian au Ubuntu inatosha familia nzima. Swali ni iwe wapi. Ukiiweka Ulaya, kila ukurasa utazunguka huko na kurudi, na njia ya kawaida ni Bahari ya Shamu, ambako nyaya kadhaa ziliharibika Februari 2024. Ukiiweka Afrika Kusini, kumbuka Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja kwenye pwani ya kule, Afrika Mashariki yote ikatambaa kwa siku kadhaa. Kwa hesabu za duka, iliyo karibu ndiyo bora. Kwa kuficha majina ya tovuti tu, popote panafaa, ila ujue sheria za nchi ile sasa zinahusu data yako.

Ukishaingia ndani ya seva kama msimamizi, sakinisha kwa `apt install wireguard`. Kisha tengeneza jozi ya funguo:

umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key

Ufunguo wa siri haumwambii mtu, hata mimi. Ule wa wazi ndio unaompa mwenzako. Simu au kompyuta yako nayo itatengeneza jozi yake, na kila upande utaandikiwa ufunguo wa wazi wa upande wa pili. Kwenye seva, faili la `/etc/wireguard/wg0.conf` liwe hivi:

[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa seva)
PostUp = iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE
[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa simu)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32

Neno `eth0` ni jina la njia ya seva ya kutokea nje. Kwako laweza kuwa `ens3` au jingine, na `ip route` itakuonyesha. Seva lazima pia iruhusiwe kupitisha mizigo ya wengine: weka `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye mipangilio ya sysctl. Mstari huu ukisahauliwa, handaki litaunganika vizuri kabisa na hakuna ukurasa utakaofunguka. Washa kwa `wg-quick up wg0`, na `systemctl enable wg-quick@wg0` ili lijiwashe lenyewe seva ikizimwa na kuwashwa. Mlango 51820 wa UDP ufunguliwe kwenye ukuta wa usalama wa kampuni uliyokodi kwao.

Upande wa simu, anwani ni 10.8.0.2/32, na sehemu ya [Peer] ina ufunguo wa wazi wa seva, `Endpoint` yenye anwani ya seva na :51820, halafu `AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0`, maana yake kila kitu kipite humu. Weka na `DNS = 9.9.9.9` au nyingine unayoiamini. Ukiiacha, maswali ya majina ya tovuti yanaweza kuendelea kumfikia mtoa huduma wako, na hapo umefunga mlango ukaacha dirisha. Kwa anayetaka kufikia duka tu, `AllowedIPs` iwe 10.8.0.0/24, na mambo yake mengine yaende njia ya kawaida. Kompyuta ya dukani nayo ipewe [Peer] yake kwenye seva, na 10.8.0.3.

Kuna kikwazo kimoja ambacho maelezo mengi ya ng'ambo hayakigusi. Watoa huduma wetu wengi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Angalia ruta yako: ikiwa anwani yake ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, hakuna mtu wa nje anayeweza kukubishia hodi. Kwa hiyo kuweka seva nyumbani Lanet au dukani Mombasa hakutafaulu. Wote wawili watoke nje kwenda kwa seva ya kukodi, wakutane huko, na kila mmoja aandike `PersistentKeepalive = 25` ili njia isijifunge kwa kukaa kimya. Kasoro nyingine ni kurasa kufunguka nusu na kuganda, hasa kwa data ya simu. Teremsha `MTU` hadi 1280 na mara nyingi hupona. Ukitaka kujua kama pande mbili zimesalimiana, amri ni `wg show`: ikiwa mstari wa salamu ya mwisho haupo kabisa, kosa liko kwenye funguo, anwani au mlango.

Wengi wataniuliza kuhusu kufungiwa mitandao. Handaki husaidia pale inapozuiwa programu moja, kama Telegram hapa Kenya Novemba 2023 na tena 2024 wakati wa mitihani ya KCSE. Intaneti yenyewe ikizimwa, kama Uganda kuanzia tarehe 13 Januari 2021 na Tanzania siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, hakuna handaki litakalopita, kwa sababu hakuna barabara.

Sheria nazo hazifanani. Kenya kutumia VPN si kosa kwa nafsi yake. Tanzania, mamlaka ya TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao pamoja na anwani ya IP kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Na ndugu zetu walioko Dubai, ambako simu za WhatsApp zimezuiwa, wasikubali mtu awaambie kwamba ni mchezo: sheria ya mitandao ya Imarati ya mwaka 2021 inaweka faini ya kati ya dirham 500,000 na milioni 2 kwa anayeficha anwani yake ili kutenda kosa au kulificha. Usimtumie mamako faili la handaki akaliweke kwenye simu huko kabla ya kuuliza.

Kila kifaa kipewe jozi yake ya funguo, hata kama ni vya mtu mmoja. Simu ikiibwa kwenye matatu, unaingia kwenye seva, unafuta [Peer] ya simu ile peke yake, unawasha upya, na kompyuta ya dukani inaendelea na kazi kama kawaida.